Fundi Brashi na Sikio Lililovaa Hereni

Tarehe thelathini mwezi huu Fundi Brashi anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya chai kwa miaka thelathini na sita. Wenzake wa karakana wameniomba niandike wasifu wake, maana mimi nilikuwa chumba cha kufungia majani kabla yeye hajaajiriwa, tukaendelea pamoja mpaka magoti yangu yakagoma. Vilevile mimi ndiye mama yake mzazi, na yeye ndiye kifungua mimba wangu, kwa hiyo msitegemee nimpunguzie sifa. Anayetaka wasifu usio na majivuno amwombe mtu mwingine.

Aliingia kama mpakiaji wa makasha. Siku moja dereva alikwaruza lori langoni, na lile birika jekundu lililokuwa nembo yetu likabaki halina mdomo. Mchoraji wa kukodi hakupatikana. Mwanangu akaazima brashi, akafumba jicho moja, akatoa ulimi pembeni kama alivyofanya tangu yuko chekechea, akalirudishia birika mdomo wake. Ulitoka mzuri kuliko wa mwanzo. Nasema mimi, lakini hata meneja wa wakati ule alisema. Kuanzia hapo hakubeba kasha tena.

Malori yote aliyachora kwa mkono wake. Madereva waliapa kwamba ule moshi wa birika ulikuwa unapanda lori likishika mwendo. Kuna mara nzi alinasa kwenye rangi mbichi, na dereva wa lori hilo akakataa katakata asitolewe, akisema yeye peke yake ndiye anayesambaza chai yenye nyama. Wateja walimcheka mpaka rangi ikachakaa.

Mwaka juzi ikaja nembo mpya. Tuliitwa uwanjani sote, hata sisi wastaafu, kitambaa kikavutwa, tukaona kitu cha kijani kimejikunja, na katikati yake kitone. Meneja mpya akaeleza kwa muda mrefu kwamba ni jani la chai na tone la umande, na kwamba maana yake ni kesho iliyo njema. Ndipo mpishi wa kantini, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong'ona, akauliza, "Samahani bosi, hilo sikio ni la nani?"

Basi, ikawa imekwisha. Tangu siku hiyo nembo iliitwa Sikio. Akina mama wa kufungia majani walivaa sare mpya, zenye nembo hiyo kifuani na mgongoni, ndani nje. Walinzi waliiziba kwa kitambulisho. Kantini mtu akianza kumsema meneja, mwenzake alimwambia apunguze sauti, Sikio liko mgongoni kwake. Karani mmoja aliyenyimwa likizo alishauriwa aende akaombe upya, safari hii aongee karibu na ukuta penye nembo.

Tulicheka, lakini mwanangu hakucheka. Meneja alikuwa amemwambia malori yote yawe na nembo mpya kabla wakurugenzi hawajaja kukagua, la sivyo ataleta watu wa stika kutoka nje na chumba cha rangi kitafungwa. Humo chumbani alikuwa na wasaidizi wawili, baba wa mapacha na dada mmoja mwenye mkono mtulivu sana, nao wangeondoka pamoja naye. Huku wafanyakazi wakamtumia ujumbe kwamba aweke brashi chini, asiguse birika hata moja, wao watakuwa nyuma yake. Unajua mambo ya kuwa nyuma ya mtu.

Alikuja kwangu jioni, akaacha chakula sahani nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimzae. Akasema, "Mama, nikishayafuta mabirika yote, pale kazini nitabaki kuwa nani?"

Nikamuuliza, "Kwani na mkono ulioyachora wataufuta?"

Akatabasamu kidogo, akala nusu.

Kesho yake aliwaambia wenzake kantini kwamba anayetaka kukataa nembo akatae, lakini yeye hatawaponza wasaidizi wake kwa ajili ya birika. Wapo waliomwita kibaraka wa Sikio, na mezani wakamhama. Alichukua msasa akaanza kuyasugua mabirika mwenyewe, wala hakumruhusu msaidizi ashike. Yake aliyafuta yeye.

Lori la kwanza ndilo lililoleta mambo. Ule mlango wa nyuma una bawaba kubwa, nayo ilikaa palepale ambapo tone lilitakiwa kukaa. Fundi Brashi, akiwa amechoka na moyo umejaa, akalishusha tone chini kidogo akidhani hakuna atakayeona. Sasa halikuwa tena ndani ya jani. Lilining'inia kwenye ncha yake ya chini.

Dereva alikuja kuchukua gari lake, akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Jamani njooni," akasema. "Sikio limevaa hereni."

Uwanja mzima ulimiminika. Waliomhama mezani nao walikuja. Mpishi alilizunguka lori kama mtu anayekagua mchumba wa mwanawe, kisha akatangaza kwamba sasa huyu ni mtu, tena bibie anayekwenda shughulini. Meneja alifika na karatasi yake ya ramani ya nembo, akasema tone limekosewa na lirekebishwe mara moja. Lakini dereva aliwasha lori akaenda zake kugawa mzigo, na kabla ya wiki kwisha wenye maduka walikuwa wanaagiza chai ya hereni. Wafungaji majani wakageuza sare zao zikakaa sawa, wakaomba na wao washushiwe tone.

Wakurugenzi walipokuja walikuta watu wanacheka chini ya nembo ileile waliyoambiwa inachukiwa. Mkubwa wao akauliza kwa nini tone halikai mahali pake. Mwanangu hakutafuta maneno. Alisema, "Bawaba ilinizuia, mzee. Nilikosea, halafu nikaona pamependeza."

Yule mzee akasema liachwe hapohapo. Chumba cha rangi hakikufungwa. Leo tone linaning'inia kwenye kila pakiti, na dukani nikimwona mtu ameshika moja huwa namweleza ni la nani, awe ameuliza au hajauliza.

Chumba anamwachia yule dada mwenye mkono mtulivu, na baba wa mapacha atamsaidia. Kwa niaba ya karakana, kantini, walinzi, madereva na akina mama wote wa kufungia majani, asante, Fundi. Ulivumilia kuitwa jina baya ili wenzako wasikose kula, na waliokuita jina hilo ndio waliochanga zaidi kwa sherehe hii, nimewaona.

Kuanzia tarehe mosi hakuna atakayekuamrisha uchore nini. Tunakutakia mapumziko marefu, afya, na asubuhi zisizo na king'ora. Mlango wangu wa mbele umechubuka rangi tangu mvua zilizopita, mwanangu. Sikulazimishi, nataja tu.