Kikombe Kilichozidi

Benchi letu limeegemea ukuta wa Kinyozi, na kila asubuhi tunamaliza matatizo ya dunia kabla birika halijakauka. Leo tulikuwa mimi, Kinyozi mwenyewe, Shangazi Birika muuza kahawa, na Karani wa zahanati, ambaye tangu apewe kompyuta haongei, anatangaza. Alikuwa amesafisha orodha ya wagonjwa, na majigambo yake yalinichosha kabla sijapiga funda la kwanza.

— Uchafu mtupu, jamani! Nafasi ovyo, herufi kubwa na ndogo zimevurugana, mtu mmoja kaandikwa mara tatu. Nimefuta wote waliojirudia. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Na mimi nilijirudia? Kinyozi akauliza.

— Wewe ulikuwa na mistari miwili. Siku ya kuzaliwa ile ile, mama yule yule, nyumba ile ile. Jina la kwanza tu ndilo tofauti. Nikajua ni makosa, nikafuta mmoja.

Kinyozi akacheka, kisha akaacha.

— Ajabu. Mama kaamka analia. Namuuliza analilia nini, anasema hajui.

— Uzee huo, nikasema.

— Na mle ndani mna viti viwili, mikasi miwili. Mimi nina mikono mingapi?

— Akiba haiozi, nikamjibu, lakini sauti yangu sikuipenda.

— Mashine ikila jina, mwenye jina naye hufuata, alisema Shangazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Sasa hilo linaingiaje hapa, Shangazi?

— Sijui, mwanangu. Limenijia tu.

Karani akafungua kompyuta yake mapajani. Majigambo yalikuwa yamemtoka.

— Orodha ya zamani sikuibakiza. Lakini nitajieni jina, nitaliandika upya sasa hivi.

— Jina la nani? Mimi nimezaliwa peke yangu! Kinyozi alifoka.

Hapo akaja mteja, mgeni mtaani, anatafuta pa kukaa. Akaangalia nafasi iliyo kati ya Kinyozi na ukuta, ambayo sote tulikuwa tumeiacha wazi.

— Samahani, hiki kikombe cha nani?

Shangazi alisema amemimina kama kila siku. Kinyozi akakigusa. Kilikuwa kimenywewa nusu, na bado kina moto.

— Jina tu, Karani alinong'ona, vidole vikisubiri juu ya herufi. Jina tu, ndugu yangu.

Kinyozi alifungua mdomo. Akabaki hivyo hivyo, mpaka kahawa ikapoa.