Kengele Tutani

Ukungu wa Januari ulikuwa umelalia tuta la mto Kosi, na basi letu la kwenda mjini Supaul likitambaa kwenye barabara ya juu yake kama linaomba ruhusa. Mzee aliyejifunika blanketi mpaka masikioni alimwambia mama aliyeketi naye, aliyepakata kikapu cha koliflawa: "Baiskeli ya mjukuu wangu nimeifungia ndani. Malori haya hayaoni hata basi, yatamwona mtoto wa shule? Asubiri ukungu uishe."

"Utaisha Februari, baba, na mtihani ni Februari. Nao utasubiri?"

"Maneno unayo, mama. Binti unaye?"

"Ninaye. Saa hizi yuko barabarani."

Mzee akageuka kuchungulia dirishani.

Mara tuta lenyewe likapotea ndani ya ukungu. Lalbabu, dereva wetu, akazima redio, akatoa kichwa dirishani. Huko mbele, tusikoona hata pua ya basi, zililia kengele za baiskeli, moja ikinyamaza nyingine ikiitika, na wasichana wa shule wakiitana majina. Lalbabu akazifuata. Zikikata kushoto, naye akakata kushoto. Basi zima lilitega sikio, hata mbuzi aliyefungwa kiti cha nyuma.

"Hiyo inayokwaruza ni ya Sugandha wangu," mama alisema taratibu.

"Wanajuaje tuta linaishia wapi?" mzee alinong'ona.

Kengele zikakata kona kuingia shuleni, zikafifia, zikaisha. Lalbabu akafunga breki.

"Mbona umesimama?" mzee akauliza.

"Sasa nimfuate nani, mzee?"