Pafu la Randa na Dawa ya Damu

Randa hajafa, nawatangulizia hilo msije mkanililia hapa. Mkono wake wa kulia tu ndio haushiki tena msumeno, na pafu lake mpaka leo halijapimwa. Lakini asubuhi ile, kwenye benchi letu lililobanwa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na kibanda cha Betri, fundi simu, tulipigwa butwaa tukasahau hata kupuliza kahawa. Alikuwepo Betri mwenyewe. Koplo, mlinzi wa geti la ghala, ambaye jeshi aliliona kwenye gwaride tu. Na Bi Birika anayetuuzia kahawa na kutusuta bure. Randa seremala akaja na vumbi la mbao kichwani, akakohoa kile kikohozi chake cha miezi, akakaa.

Randa: Jamani, wanataka kuninyofoa kipande cha pafu.

Koplo: Nani hao? Umewakosea nini?

Randa: Madaktari. Picha imeonyesha doa. Wanaingiza sindano mgongoni, wanatoa kinyama kidogo kama uzi, wanakwenda kukipima.

Betri: Sindano? Mpaka kwenye pafu? Ukiwa macho?

Randa: Macho kodo. Ganzi tu, halafu nalala kifudifudi.

Koplo: Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Bi Birika: Anayetaka ni daktari, anayeinama ni Randa. Methali umeivaa nje ndani, Koplo.

Hakuna aliyecheka sana. Doa kwenye pafu si neno la kuchezea, na Randa ndiye aliyetutengenezea milango ya nyumba zetu karibu zote.

Mimi: Mbona hukutuambia?

Randa: Niliwauliza habari ya dawa tu, hii ya pafu nikaimeza. Sikutaka mnitazame kama mnavyonitazama sasa.

Dawa yenyewe tuliijua. Moyo wake ulikuwa unapiga ovyo, mara mbio, mara unasita, na hospitali walimpa vidonge vya kuzuia damu isigande.

Randa: Waliniambia niache vidonge siku mbili kabla ya sindano, nisije nikavuja damu ndani. Nikaacha. Nikafika, nikavuliwa shati, mashine ya picha ikagoma. Wakasema watanipigia siku nyingine, na upande wa dawa niendelee kama kawaida.

Betri: Sasa si nilishakwambia? Kawaida yenyewe ni kutomeza. Uliingia pale hujameza, ukaambiwa endelea. Mtu haambiwi endelea na jambo alilokwisha kuliacha.

Koplo: Wewe Betri, kaa na simu zako. Kawaida ya Randa ni kumeza kila siku. Mlinzi akitoka likizo anarudi getini, haendelei na likizo.

Bi Birika: Mimi nilimwambia ameze nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba cha nini, Bi Birika? Cha damu?

Betri: Nusu pia ni hatari! Damu iliyolainishwa ukiitoboa hairudi. Namjua mtu alichomwa na mwiba shambani, damu ikaruka mpaka darini.

Koplo: Shambani kuna dari?

Betri: Dari ya jirani.

Bi Birika: Na pafu likitoboka, upepo unatoka. Kuna bwana alichomwa hivyo, mpaka leo akiongea anapiga mluzi. Mkewe akimwita, mbwa ndio wanakuja.

Koplo: Kwa hiyo ni vizuri damu iwe nzito, izibe tundu. Ale ndizi mbichi. Utomvu wake ukishika nguo hautoki, sembuse pafu?

Mimi: Randa, piga simu hospitali, achana na hawa.

Randa: Nimepiga. Inaita weee, anapokea mtu, ananiambia subiri, inakatika.

Akanywa funda la kahawa, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Randa: Msigombane. Ninyi ndio ndugu zangu. Wiki nzima nimewasikiliza wote, kila mmoja kwa zamu yake.

Koplo akamwangalia Betri, Betri akamwangalia Bi Birika.

Bi Birika: Zamu? Zamu vipi, mwanangu? Umemeza au umeacha?

Randa: Mwanzo nili... nilim...

Neno likampinda mdomoni. Kikombe kikamteleza, kahawa ya moto ikamwagikia pajani, na hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakushtuka. Mkono ukashuka pembeni kama nguo iliyotundikwa.

Koplo: Ee bwana, usituigizie!

Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya uuguzi alikuwa mbele ya meza yangu, mguu mmoja peku, akisubiri nimalize kisigino chake. Hatukuwahi kumwona pale. Akapiga magoti mbele ya Randa.

Muuguzi: Baba, nitabasamie. Inua mikono yote miwili.

Upande mmoja wa uso ukatabasamu, mwingine ukabaki pale pale. Mkono mmoja ukainuka.

Muuguzi: Kiharusi hiki. Gari! Sasa hivi!

Betri akarukia barabarani mikono juu, gari la kwanza likafunga breki. Tukambeba. Jitu lile, mbeba mbao, lilikuwa zito upande mmoja tu.

Muuguzi: Anatumia dawa gani?

Mimi: Ya kuzuia damu kuganda. Moyo wake unapiga ovyo.

Muuguzi: Ameinywa mara ya mwisho lini?

Koplo: Sikiliza, sista, kawaida yake...

Muuguzi: Sijauliza kawaida. Hospitali wana dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba kichwani, na inatakiwa mapema. Lakini kama ile yake bado inafanya kazi mwilini, wakimpa hii anaweza kuvuja damu kwenye ubongo. Lazima wajue. Leo asubuhi amemeza, au hakumeza?

Randa alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Bi Birika. Alikuwa anatuangalia, mmoja baada ya mwingine, midomo ikihangaika. Betri akainamisha uso. Mimi nilikuwa bado nimeshika kiatu cha yule mama.

Muuguzi: Ninyi si ndugu zake? Basi hata mmoja hajui?