Jirani Yuko Ndani

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mzee Penseli, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965. Hesabu zilimkubali, kuimba kulimkataa. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu. Mwaka 1967 alianza kujifunza useremala kwa mjomba wake, na penseli ikapanda sikioni. Haikushuka hadi wiki hii, tulipoishusha sisi wenyewe.

Alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto watatu. Mimi ndiye kitindamimba.

Mabenchi mnayokalia leo aliyachonga yeye, na kwa miaka mingi alikaa la mbele, akiwa mzee wa kanisa. Karakana yake ilitenganishwa kwa ukuta mmoja na ya rafiki yake, fundi cherehani, Mwislamu, ambaye nyumbani tunamwita Jirani. Tulipomzika bibi mwaka 1998, Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia Jirani asubiri nje ya kanisa, kwamba ndani ni kwa waumini. Jirani alisubiri. Hawakulizungumza tena.

Mwaka 2006, dada alipoolewa, Jirani alikaribishwa ndani, akakaa nyuma kabisa. Jumatatu yake Baba akamwuliza, "Umetuonaje? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mnapendana, na mnaimba vizuri," Jirani akasema. "Ila magoti yalinifika kidevuni, na nguzo imewameza maharusi wote. Mgeni wenu anaona nguzo tu, Mzee Penseli."

Baba alinuna. Kisha akafunga karakana, akaja kukaa pale pale. Mimbari hakuiona. "Kumbe nawaita watu waje kutazama nguzo!" akasema, na wiki hiyo akang'oa mabenchi mawili ya pale nyuma ya nguzo.

Mwezi uliofuata ikawa zamu yake kwenda msikitini. Alijikwaa kwenye viatu mlangoni, akaanguka mzima mzima. Aliporudi alisema kimya cha wale watu kimemwonyesha jinsi sisi tunavyomsemesha Mungu bila kumpa nafasi ya kujibu. Pia aliwachongea rafu ya viatu. Tangu hapo walitembeleana ibadani kila mwaka. Hakuna aliyehama dini. Baba aliipenda yake zaidi, na alikuwa anasema hivyo waziwazi.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 2023. Lakini nasema ukweli, kilichomtesa zaidi, hadi akawa anaweweseka usiku, kilikuwa ile siku ya bibi. Tarehe 6 Mei 2024 aliomba Jirani aitwe.

"Jirani, siku ile ya mama yangu nilikukosea. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Na mahubiri niliyasikia yote dirishani," Jirani akajibu. "Pale nje hakukuwa na nguzo."

Baba alicheka hadi mama akamkemea. Baada ya hapo alikula, alilala, hakuweweseka tena. Sisi sote tulishusha pumzi. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na rafiki mmoja ambaye leo amekaa benchi la mbele, mahali pa Baba.

Pumzika kwa amani, Baba. Jirani yuko ndani.