Siku Niliyomkagua Mkwe Wangu

Ndugu zangu wa ulinzi, nawasalimu kwa salamu za imani zenu zote. Humu ndani nawaona wa kanisani, nawaona wa msikitini, na wengine nawajua vizuri, mnapumzika Ijumaa na Jumapili zote mbili. Karibuni.

Nimeombwa niseme kidogo kabla hamjapewa vyeti vyenu. Nitasema nilivyoanguka na nilivyoinuka. Jina la mtu sitataja, hata la kiwanda sitataja, ingawa wa hapa Utemini mtalijua kwa harufu ya alizeti tu.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Mtinko. Nilipita mgambo, nikaajiriwa mlinzi wa geti, na baada ya miaka michache nikafanywa mkuu wa ulinzi. Jamani, nilivimba kichwa! Nilinunua buti mpya kwa hela yangu mwenyewe ili nisikike ninapotembea. Mafunzo ya usimamizi sikuwa nayo hata ya siku moja. Niliamini ulinzi ni kifua, sauti na kirungu, na vyote vitatu nilikuwa navyo.

Sasa sikilizeni. Ulikuwa msimu wa mavuno, saa nne asubuhi, foleni ya magari ya alizeti imefika barabarani. Ikaja kenta tupu ya mizigo, na mbele pembeni ya dereva amekaa mzee mmoja mwenye mvi na ndevu, koti safi, mkongojo mkononi. Nikamkimbilia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wazazi hawajambo huko nyumbani? Mvua mmeonaje mwaka huu?"

Nawauliza nyinyi mliolelewa huku kwetu: mtu akishakuitikia marahaba, akakuuliza wazazi, wewe umeshakuwa nani? Umeshakuwa mtoto wake! Na mtoto gani anamwambia mzee wake alete kitambulisho? Akaniambia yeye ni baba mdogo wa mkurugenzi, amekuja kuchukua mzigo wa familia. Akapeperusha karatasi. Sikuisoma. Nilifungua geti kwa mikono yangu hii, nikamsindikiza hadi stoo, nikamwambia mtunza stoo, "Huyu ni mzee wa bosi, msimcheleweshe." Tena niliwafokea makuli wapakie haraka, eti mzee asisimame juani.

Kenta ikatoka imejaa mapipa ya mafuta. Nikaipigia saluti. Cheka tu ndugu yangu wa pale nyuma, hata mimi siku hizi nacheka.

Saa nane mchana mkurugenzi akarudi, akauliza mzigo umeenda wapi. Baba mdogo hakuwa naye kabisa, baba yake alizaliwa peke yake.

Niliitwa kuhojiwa polisi. Swali lilikuwa moja, wakaligeuza kila upande: wenzako wako wapi? Nikasema sina wenzangu. Mtunza stoo akasema kweli, kwamba mkuu wa ulinzi ndiye aliyemleta yule mtu. Ushahidi wa kunifunga haukuwepo, nikaachiwa. Lakini jina langu halikuachiwa. Kule Mtinko nikipita, mazungumzo yanakatika. Mke wangu alikuwa anauza nyanya sokoni, mteja mmoja akamwambia, "Wewe nyanya za nini? Si mmeo ana mapipa?" Alirudi nyumbani na beseni lake limejaa, akalia. Kuitwa mzembe ningevumilia, maana nilikuwa mzembe. Kuitwa mwizi kuliniuma.

Mkurugenzi alikwisha kuandika barua ya kunifukuza. Aliyemzuia ni mama mmoja, ofisa utumishi wetu. Nilikuwepo alipomwambia, "Bosi, huyu tulimpa kirungu tukampa na cheo. Mafunzo tulimpa lini?" Mwisho akasema niende kwenye kozi Dodoma, nikirudi niwe kwenye matazamio, na kosa moja tu nitoke bila barua.

Nilienda nikiwa na kinyongo. Nikakuta darasani mameneja wa ulinzi wa mabenki, wa maghala, wa mahoteli, watu wa suti. Mwalimu wetu alikuwa mama mstaafu mfupi, sauti yake ndogo, na kirungu hana. Siku ya kwanza akasema, "Chora geti lako. Chini yake andika watu ambao huwa huwakagui." Tukaandika weee! Bosi, mke wa bosi, wenye sare, viongozi wa dini, wazee, rafiki zetu. Akapita meza kwa meza akisoma. Halafu akauliza, "Kesho mwizi akitaka kuja kwako, atavaa afanane na nani?"

Mimi nilitokwa jasho hadi karatasi ikalowa. Yule mzee wangu hakuvunja kufuli. Alipita kwenye orodha yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno kihatarishi, ambalo mmelisikia wiki nzima hii mpaka mmechoka. Ni jambo baya ambalo halijatokea, lakini mlango wake uko wazi na wewe umeshauzoea. Mwalimu alitufundisha kuitafuta milango hiyo kabla ya mwizi, kuiandika, na kuiziba mmoja mmoja. Na alituambia kitu kingine: heshima usiifukuze getini, ipe kazi.

Niliporudi nilibuni utaratibu. Niliweka kiti kizuri chenye mto, kivulini, na mtungi wa maji. Mzee akifika, unampa shikamoo yake kamili, unamkaribisha akae, unampa maji. Wakati anapumua unamwomba kitambulisho, unaandika, unapiga simu kwa anayekuja kumwona. Mzigo wote unafunguliwa. Na sheria haina ndugu. Walinzi wangu walinong'ona. Mmoja, dada mchapakazi aliyekuwa zamu ya mchana, aliniuliza waziwazi, "Afande, na wa kwako akija?" Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba hata wa kwangu. Nilidhani ni maneno tu.

Haikupita muda, yule dada akanifuata ofisini mbio. "Afande, kuna mzee amegoma. Anasema yeye ni mkwe wako."

Ndugu zangu, nilivaa kofia yangu nikatoka. Kwetu mkwe ni mtu wa kuinamisha macho. Hata kucheka mbele yake unacheka kwa adabu. Nikamkuta amesimama, kiti hakutaka, amekumbatia kikapu chenye mfuniko wa kushonwa. Makuli wote wameacha magunia, wanatazama. Wanajua mimi niko kwenye matazamio, na wanataka kuona.

Nikapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwambie huyu binti mimi ni nani."

"Baba, anajua. Naomba kitambulisho. Na kikapu tukifungue."

Akatoa kitambulisho kama anavyotoa mtu jino. Nikakata uzi wa kikapu, na kutoka humo ndani akaruka jogoo wa Mtinko, mkubwa, mwenye hasira, akapita juu ya bega langu akaingia uwanjani. Makuli walianguka kwa kicheko. Mimi, mkuu wa ulinzi, nilimfukuza jogoo kuzunguka mapipa huku mkwe wangu ananiangalia. Nilipomshika, mzee akampokea, akamrudisha kwenye kikapu, akageuka akaondoka naye. Zawadi ya mkwe ikirudi ilikotoka, sina haja ya kuwaeleza aibu yake.

Nyumbani mke wangu hakunisemesha wiki nzima. Nilienda Mtinko kuomba radhi, nikaambiwa mzee amelala, wakati nasikia redio yake na kikohozi chake. Nilikuwa nimeshapoteza jina kwa majirani, sasa napoteza na kwa wakwe. Niliandika barua ya kuacha kazi. Ilikaa mfukoni, nikisema kesho, kesho.

Hiyo kesho niliyoipanga, ikaja gari dogo la mizigo mchana kweupe. Ndani yake baba mtu mzima, suti ya kijivu, ndevu amenyoa, miwani. Yule dada akampa shikamoo, akamkalisha kwenye kiti, akampa maji, akaomba kitambulisho. Mzee akatoa karatasi ya kuchukulia mzigo, akacheka. "Binti, mimi ni mjomba wa mkurugenzi wako. Unanidai kitambulisho mimi?"

Nilikuwa dirishani, na jibu la yule dada nililisikia kwa masikio yangu: "Mzee wangu, mkuu wetu alimkagua baba mkwe wake hapa hapa, kwenye geti hili. Wewe nitakuachaje?"

Tayari alikuwa ameshapiga simu stoo. Stoo wakasema karatasi hiyo hawaijui. Mzee akainuka, sasa akaanza kubembeleza: "Mwanangu, wazazi hawajambo huko nyumbani?" Ile sauti! Nikatoka nikafunga geti la nje kwa kufuli. Miwani ilikuwa mpya, suti mpya, ila mtu ni yule yule. Alirudi kwetu kwa sababu mara ya kwanza tulimrahisishia mno.

Polisi walipomchukua pamoja na dereva wake, dereva alieleza yote. Akaulizwa, mlinzi wa siku ile mlikuwa naye pamoja? Akasema, "Yule? Hata jina lake hatukulijua. Tulimpita kwa marahaba tu."

Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi wote, akayasoma maneno hayo, akanipa mkono mbele yao. Ile barua niliichana. Leo nasimamia ulinzi wa kiwanda na maghala yake yote, na yule dada ndiye mkuu wa geti. Mpigieni makofi, amekaa pale. Zaidi! Hamjala?

Ninalowaachia ni hili: sheria yako ya geti ianze na mtu unayemwogopa. Ukimkagua huyo, walinzi wako watapata ujasiri wa kumkagua mtu yeyote.

Namshukuru ofisa utumishi wetu aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Namshukuru mwalimu wangu. Namshukuru mke wangu, aliyeninyima maneno lakini hakuninyima chakula.

Na namshukuru mkwe wangu. Baada ya mambo yale kulikuwa na mkutano wa kijiji Mtinko, wa habari za ulinzi shirikishi. Mtu mmoja akalitaja jina langu kwa kejeli, kwamba walinzi wenyewe ndio wezi. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimeinama. Mzee akasimama, akangoja watu wanyamaze.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Alinipigia goti, halafu akanifungulia kikapu mbele za watu. Nilikasirika sana. Lakini mwizi hawezi kuwa na kazi anayoiheshimu kiasi hicho. Atakayemwita mwizi tena, aje aniite mimi kwanza."

Nililia mkutanoni, mtu mzima na buti zangu, na aibu sikuisikia hata kidogo. Asanteni sana.