Springi za Gari la Marehemu

Basi lilipotoka hospitali, bibi mmoja alimsikia fundi mzee wa kiti cha mbele yake akimuuliza jirani aliyepakata springi mbili mpya, "Hizo si za pikapu, mwanangu? Kwani mnabeba saruji?"

"Nambeba mama," akajibu yule bwana. "Kavunjika nyonga, kila Jumatatu namleta kliniki. Gari la marehemu baba linalalia upande likikata kona kama mlevi, mama anaogopa. Hizi zitalisimamisha."

"Zitalisimamisha, ila ni ngumu, na kila shimo litamfikia kwenye nyonga. Gari la zamani lilizaliwa laini. Badilisha bushi, zile raba zilizolika, na shokomzoba zinazotuliza gari, springi zake ziache. Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama halalamiki, fundi. Hushika tu mlango mpaka tufike."

Bibi akainamisha kichwa. Alikuwa amelea watoto saba, na alijua kutolalamika ni kazi nzito kuliko kufua.

"Zirudishe dukani," fundi akasema kwa upole.

"Na akiogopa?"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Fundi akachukua springi moja amsaidie kushuka nayo.