Daraja la Bwana Shikanga Mtoni Lusumu

Tarehe 31 Desemba 1986, Bwana Elkanah Shikanga, mchoraji ramani wa ofisi yetu ya upimaji, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi. Vijana waliokuja juzi wanamjua kwa kofia yake ya kijani na kwa kukataa katakata chai isiyo na maziwa. Sisi wengine tunamjua kwa daraja.

Miaka ya sabini, Kabras nzima ilipoacha mahindi na kukimbilia miwa, kiwanda cha sukari kilitaka ramani mpya ya bonde la Lusumu, tena upesi. Shikanga alilitembea bonde lote akipima vilima, vijito na vinamasi. Kwenye kivuko kimoja, chifu alimhakikishia kwamba daraja lingekuwa tayari kabla wino haujakauka. Shikanga, mtu wa kuheshimu serikali, akalichora.

Ramani ilitoka safi sana. Daraja halikutoka. Matrekta yaliifuata ramani hadi ukingoni, yakazima injini, na miwa iliyokwisha kukatwa ng'ambo ikaanza kukauka.

Ndipo Mama Rosebella Nanjala, mkulima aliyetegemea mavuno hayo kuwarudisha wanawe shuleni, alipofika ofisini amelowa hadi kiunoni. Hakupiga kelele. Aliomba kuonyeshwa ramani, akaweka kidole juu ya daraja.

"Mimi nimepita hapa asubuhi," alisema. "Twende, baba, unionyeshe wewe ulipitia wapi."

 Wakubwa waliagiza daraja lifutwe, ila kufuta kulihitaji kibali cha Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka. Basi Shikanga akawaendea watu wa idara ya barabara na hoja yake: ramani ya serikali haiwezi kukosea, kwa hiyo aliyekosea ni mto. Walirudi huko kila Ijumaa, yeye na ramani, Mama Rosebella na muwa mkavu mkononi.

Miwa ya msimu ule iliharibika. Lakini kabla ya mavuno yaliyofuata daraja lilisimama, palepale lilipochorwa. Siku ya kulifungua, mgeni wa heshima aliwasifu wapimaji kwa usahihi wao. Shikanga alitazama viatu vyake.

Juzi, kwenye chai ya kumuaga, mkuu wetu Bi. Musimbi alimuuliza kama bado anaona aibu.

"Bado," alijibu. "Lakini wajukuu wa Rosebella wanavukia hapo kwenda shule."

Asante, Mzee wetu. Nenda nyumbani Chekalini ukapumzike na mkeo, Mama Milcah. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na majirani wasiokuuliza mpaka wa shamba umepita wapi.